Konokono Mwenye Pindo la Chungwa

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Newala tangu sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchagua uzi akiwa ndani ya nyumba. Alikichukua kitambaa cha mteja, akatoka nacho mpaka mlangoni kwenye mwanga, akalaza uzi juu yake, akainamisha kichwa. Akisema huu siyo, basi siyo. Mteja aliyekuja na uzi wake mwenyewe alirudishwa nao dukani, hata kama ametoka Chilangala kwa miguu. Watu walinung'unika, lakini walirudi, kwa sababu nguo aliyoishona yeye hata ukiigeuza ndani nje usingeona aibu.

Ndiyo maana sisi tulijua kabla yeye hajakubali. Mama mmoja wa kwaya alileta sare ya zambarau, akarudishiwa imepindwa kwa uzi wa kahawia. Hakulalamika. Alimpelekea fundi mwingine akaifumua na kuipinda upya, na mama yangu akazipata habari hizo sokoni, kwenye foleni ya dagaa. Aliponipigia simu alinong'ona, ingawa baba alikuwa msikitini na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mimi ni mwalimu wa biolojia Masasi. Nilimchukua baba tukaenda hospitali ya misheni Ndanda, na daktari wa macho alitueleza vizuri, bila kuzunguka. Ilikuwa presha ya macho. Mshipa unaopeleka kuona kwenye ubongo ulikuwa umekufa upande wa kulia, na wa kushoto ulikuwa njiani. Kulikuwa na dawa ya matone ya kulinda kile kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi, wala kwa kisu wala kwa miwani. Baba aliuliza kilichobaki kitakaa muda gani. Daktari alisema asingependa kumdanganya.

Nilimheshimu daktari yule kwa jibu hilo. Sikuwa na heshima hiyo kwa wale waliokuja nyumbani baadaye, mmoja na asali ya nyuki wadogo, mwingine na maji ya majani yaliyochemshwa, wa tatu na habari za mtu wa Tandahimba aliyeombewa akaona. Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Wa asali nilimwambia akaipake mkate. Mama alinikemea, akamwomba radhi mgeni, na baba akasema tu kwamba asali ilikuwa nzuri, asingependa iende bure.

Alichobakiwa nacho alikiita tundu la kifungo. Alisema ni kama kuutazama ulimwengu kupitia tundu la kifungo cha shati, na pembeni yote ni pamba chafu. Lakini ndani ya tundu lile rangi zilikuwa bado rangi. Na zilikuwa na saa zake. Asubuhi ukungu wa Newala ulimkoroga, jioni jicho lilichoka. Saa nne hadi saa sita, jua likiingia mlangoni, alikaa kwenye kigoda akiwa na vipande vya vitambaa mapajani, akivipitisha mbele ya jicho kimoja kimoja. Mama alidhani anatafuta cha kushona. Mimi nilijua anaaga.

Konokono niliingia naye mimi katika habari hizi. Mwezi wa sita nilikuwa kwenye semina ya walimu Mtwara, na siku ya mwisho, maji yalipokupwa sana, mwenzetu mmoja alitupeleka kwenye mwamba kuona viumbe. Wanawake walikuwa wakichokoa pweza kwenye mashimo. Chini ya jiwe moja, kwenye dimbwi lisilozidi beseni, palikuwa na sponji nyekundu, kiumbe cha bahari kisichotembea, imejibandika, na juu ya sponji konokono asiye na gamba, urefu wa kidole changu cha mwisho. Alikuwa na mistari myeusi kutoka kichwani hadi mkiani, na kati ya mistari buluu nyeupe ambayo sijaiona kwenye khanga yoyote. Pembeni, mwili mzima ulizungukwa na pindo la rangi ya chungwa. Pembe zake mbili zilikuwa za chungwa, na mgongoni kwa nyuma, mahali anapopumulia, kulikuwa na kishada cha chungwa kilichokuwa kikifunguka na kufunga. Niliwauliza wale wanawake wanamwitaje. Walisema hawamwiti, kwa kuwa haliwi.

Wataalamu wana jina lake, refu, na ndani yake wameiweka Afrika, kwa sababu ni wa pwani zetu hizi. Anakula sponji tu, basi. Sumu ya sponji anaiweka kwenye ngozi yake, na zile rangi ni onyo kwa samaki kwamba ukinigusa utajuta. Niliyasoma hayo baadaye. Siku ile nilichukua simu nikampigia baba palepale, miguu ikiwa ndani ya maji, nikamweleza kila mstari. Alinikatiza mara moja tu. Aliuliza lile pindo ni pana kiasi gani, na kama upana wake ni mmoja kuzunguka pande zote. Nikamwambia ni mmoja. Akasema, "Huyo nataka nimuone."

Nilipiga picha. Nilipompelekea simu Newala, aliisogeza, akaizungusha, akairudisha. Kioo kilikuwa kinawaka chote kwa pamoja, alisema, kama kutazama karabai. Hakuona mnyama, aliona taa. Nikamwahidi kwamba nitamleta mwenyewe, akiwa hai. Sijui ni shetani gani alinituma kuahidi.

Mwezi wa saba tulikuwa na safari ya wanafunzi kwenda pwani, mimi na walimu wawili. Asubuhi niliwasimamisha wanafunzi mchangani nikawaambia mtu asichukue kitu, kila kiumbe kiachwe kilipo. Saa tano, bahari ilipokuwa imejivuta mbali, nililirudia jiwe lile. Hakuwepo. Niligeuza mawe mengine mpaka vidole vikachubuka, na kwenye jiwe la mwisho kabla maji hayajaanza kujaa nikampata mmoja, mdogo kidogo kuliko yule wa kwanza. Nilimbandua pamoja na kipande cha sponji yake, nikamtia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwanafunzi mmoja aliniona. Hakuniuliza, na mimi sikumweleza.

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayesafirisha mgonjwa. Ndoo niliizungushia gunia bichi ili maji yasipate joto, nikajaza galoni mbili za maji ya bahari ya kubadilishia, na njiani nilikuwa nafungua mfuniko na kukoroga kwa kikombe ili hewa iingie. Dereva alikubali turudi kwa njia ya Tandahimba ili anishushe Newala, wao waendelee Masasi. Kila baada ya muda nilichungulia. Alikuwa anatembea ukutani mwa ndoo, polepole, kishada chake kimefunguka.

Nilifika kama saa kumi na moja jioni. Wazee wangu walikuwa barazani, nikawaamkia, wakaitikia, na kabla sijakaa baba akauliza yuko wapi. Niliiweka ndoo miguuni pake. Jua lilikuwa limeshahamia nyuma ya nyumba. Nikamwambia tumtazame sasa hivi, nitawasha tochi. Alikataa. Alisema jicho limechoka, na taa za umeme zinadanganya rangi, yeye hajawahi kuchagua uzi kwa tochi. Kesho saa nne. Nilibisha kidogo kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu alikuwa anasema kama fundi, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwake kwa miezi.

Alitaka kujua habari zake badala yake. Nikamweleza anavyokula, anavyobeba sumu, anavyonusa kwa pembe. Mama alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, na alisikiliza kwa sikio moja. Baba akauliza, "Na yeye anajiona?"

Nikamwambia hapana. Macho anayo, ila ni madoa mawili yaliyozama chini ya ngozi, anatambua mwanga na giza tu. Rangi zote zile hazijui.

Baba alicheka. Alisema basi Mungu kampa mshono mzuri na kamnyima kioo. Kisha akainama, akaiweka mikono juu ya mfuniko wa ndoo, akakaa hivyo mpaka chakula kilipoiva. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho niliyoiona usoni mwake na ambayo nina hakika nayo.

Lazima nieleze kuhusu maji. Newala ni juu, na maji yako chini. Mama yangu alipokuwa msichana walitelemka bondeni alfajiri, wakasubiri chemchemi ijaze kata, wakapanda genge na ndoo kichwani, wakafika nyumbani jua limeshakuwa kali. Sasa kuna bomba, lakini bomba lina siku zake, na siku nyingine linatoa upepo. Kwa hiyo mama ana pipa. Pipa hilo liko ndani, pembeni mwa kitanda chake, limefunikwa kwa sinia na juu ya sinia ameweka jiwe. Ndani yake ni maji ya mvua aliyoyakinga kwenye bati tangu mvua za kwanza zilipoosha vumbi. Ni ya chai ya wageni, ya mgonjwa, na ya kumeza dawa. Yeye mwenyewe hayanywi. Anaoga kwa makopo mawili ya maji ya bomba, na yanayobaki anafulia matambara. Mwezi wa saba mvua ya mwisho ilikuwa imeshasahaulika, na ijayo ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, kama ikipenda.

Kabla ya kulala nilisema ndoo isiguswe. Nilisema hivyo tu. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha kwanza na vipande viwili vya muhogo, kimoja kwenye maji ya chumvi, kingine kwenye maji matupu, nikawaonyesha kimoja kinavyosinyaa na kingine kinavyovimba, na narudia mpaka mtoto wa dawati la nyuma aelewe. Mama yangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu na sikumweleza. Niliona haina haja. Sijui nilidhani elimu yangu ni ya nani.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya jirani haionekani. Nilichungulia ndoo, alikuwa hai, ingawa maji yalikuwa yameanza kuwa na ukungu wake pia, na harufu kidogo. Nilipanga kuyabadilisha kwa zile galoni baba akiwa karibu kutoka. Nikaenda mjini kununua matone yake, yaliyokuwa yamekwisha, na sahani nyeupe ya udongo, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na za maua tu, na maua yangemchanganya. Duka la dawa lilichelewa kufunguliwa. Niliporudi ilikuwa karibu saa nne kasoro robo, ukungu unapasuka, na baba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa kanzu safi.

Mama alinipokea uani. Galoni zangu mbili zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, zimetundikwa kichwa chini kwenye miti ya uzio.

"Nimembadilishia," alisema. "Yale yalikuwa yamechacha, nimeyaonja, chumvi tupu, na ya kwenye galoni hivyo hivyo. Nikamhurumia, katoka mbali. Nimempa ya mvua."

Alikuwa bado ameshika kopo. Nilifunua ndoo. Maji yalikuwa safi kabisa, unaona hadi chini, na chini alikuwa amelala ubavu. Alikuwa amevimba. Ute mweupe ulikuwa umemtoka mwilini, unaelea kama nyuzi. Kishada hakikuwa kinafunguka tena. Ile buluu ilikuwa imekuwa jivu, na pindo limechujuka likawa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nilimgusa kwa kidole. Hakukunja hata pembe.

Nilitaka kumpigia mama kelele. Nasema kweli, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, na mimi kwa maneno sijambo. Kisha nikatazama kiwango cha maji ndani ya ndoo. Kilikuwa zaidi ya nusu. Alikuwa amechota kwenye pipa lile, kopo baada ya kopo, maji ambayo baba mwenyewe hupewa ya kumezea dawa tu, akampa mdudu wa baharini kwa sababu ni mgeni wangu. Nikafunga mdomo.

Baba akaita kutoka mlangoni, kama tuko tayari.

Nilimtoa kwa kijiko nikamlaza kwenye sahani, mistari juu, nikamwagia maji kidogo, na kwa ncha ya kijiko nikasukuma ute pembeni. Nikatumaini kwamba tundu la kifungo siku hiyo lingekuwa baya. Nilimwomba Mungu hivyo, kwamba baba yangu asione. Nikapiga magoti mbele yake na sahani kwenye mwanga.

Aliinamisha kichwa, vilevile kama zamani. Akamtafuta, kichwa kikienda kushoto, kikirudi, kisha kikasimama. Alikaa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kopo lake.

"Namuona," alisema baba. Akaendelea, taratibu. Mistari ile myeusi inatoka kichwani mpaka mkiani. Buluu yake haipo kwenye khanga yoyote. Pindo ni la chungwa, na upana ni mmoja pande zote. Akasema aliyempinda huyu alijua kazi. Mama alifurahi mpaka akacheka peke yake, akasema kumbe yale maji yamempendeza.

Yalikuwa maneno yangu. Alikuwa ananirudishia neno kwa neno nilichomwambia kwenye simu siku ile nikiwa nimesimama majini. Nikaelewa kwamba haoni kitu, kwamba tundu limeshafunga, na kwamba ananidanganya ili safari yangu isiwe ya bure. Niliipeleka sahani nyuma ya jiko nikalia huko, nikijifanya namwaga maji.

Sikumtupa. Nilimtia kwenye chupa ya dawa, nikamwekea spiriti nilipofika Masasi, na hadi leo yuko kwenye kabati la maabara. Spiriti ilimaliza kilichobaki. Sasa ni mweupe wote, kama kipande cha ukoko uliolowa. Wanafunzi huuliza ni kitu gani, nawajibu ni konokono wa bahari mwenye rangi nzuri sana, nao hutazama chupa, hunitazama mimi, wakaandika nilivyosema.

Mvua zilipokuja baba hakuwa anatofautisha tena mlango na ukuta. Matone aliendelea nayo kwa muda, kisha daktari akasema hayana tena cha kulinda. Cherehani hakuiuza. Huikalia, huitia mafuta, huzungusha gurudumu kwa kiganja bila uzi wala nguo. Mama hulalamika kelele, lakini ikinyamaza muda mrefu hutoka kutazama kuna nini.

Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa naye hapo, namtungia sindano kwa kuwa aliniomba, ingawa hakuwa na cha kushona. Aliuliza uzi ni wa rangi gani. Nikamwambia chungwa. Ulikuwa wa kijani, lakini sijui kwa nini nilisema chungwa.

"Yule konokono wako alikuwa amekufa," akasema.

Nilivuta uzi ukachomoka kwenye sindano.

"Nilimuona vizuri. Siku ile jicho lilikuwa safi kuliko siku zote. Alikuwa kijivu, kavimba, pindo limechuja. Mama yako alikuwa amesimama na kopo. Ningesema nini?"

Nilimuuliza kama baada ya pale aliona kitu kingine vizuri. Nilitaka aseme sura yangu, au ya mama, au kitambaa chochote. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri akiulizwa vipimo. Alisema kesho yake ukungu haukupasuka, na siku zilizofuata tundu likawa linaingia pamba. Hana kingine. Giza lake lina rangi hiyo hiyo, alisema, rangi ya yule mnyama, na humuona pale katikati akiwa macho na akilala. Akaniomba nisije nikamwambia mama.

Mama alitoka ndani wakati huohuo. Alikuwa na kopo la maji mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka safari na mimi kwake bado ni mgeni siku ya kwanza. Alisema nimletee baba yangu mdudu mwingine kama yule nikienda tena pwani, maana alimfurahia sana, na hata kama haoni, nitamwelezea. Baba alizungusha gurudumu la cherehani. Mama akanipa kopo, akasema ninywe, ni ya mvua haya, siyo ya bomba.

Niliyanywa yote.